Sauti Iliyohama Kwenye Hedifoni za Mzee Studio

Mimi ni kinyozi. Watu wanadhani kazi yangu ni nywele, kumbe nusu ya siku nashughulika na masikio: kulikunja hili, kupitisha mashine nyuma ya lile, kumwambia mwenye nalo atulie. Nje ya mlango wangu kuna benchi refu lenye mguu mmoja uliofungwa waya, na upande wa pili wa benchi ni mlango wa Fundi redio. Hapo katikati ndipo kijiwe chetu kilipo. Shangazi anaweka jiko na birika lake la kahawa mwisho wa benchi. Profesa anakaa katikati ili asipitwe na neno. Fundi anakaa kwenye kizingiti chake, mteja akija aonekane yuko kazini. Huyo Profesa, niseme mapema, ni msoma mita za maji. Cheo tumempa wenyewe, kwa sababu hajawahi kuulizwa kitu akasema hajui.

Jumamosi hiyo kahawa ya kwanza haijaisha, tukamwona Mzee Studio anakuja na mfuko wa nguo kifuani, ameukumbatia kwa mikono miwili. Nimemnyoa miaka mingi. Sikio lake la kulia limesukumwa mbele, kama la mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Alikuwa fundi mitambo kwenye studio ya redio kwa miaka ishirini na saba. Siku walipobadilisha mitambo, wenzake waliomba viti na saa za ukutani. Yeye aliomba hedifoni alizokuwa akivaa kazini. Nyeusi, nzito, na waya uliojiviringisha. Wiki mbili nyuma alikuwa amemkabidhi Fundi, maana sponji lake lilikuwa linapukutika na kumwachia chembe nyeusi mabegani, na juzi alikuja kuzichukua.

– Fundi, – alisema kabla hajakaa, – umenibadilishia mke.

Fundi alipaliwa na kahawa. Profesa alisogea karibu, macho yamemtoka kwa furaha.

– Mzee wangu, shikamoo kwanza.

– Marahaba. Umenibadilishia mke.

Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na hedifoni zile, redio ya kaseti, na kanda moja iliyofungwa kwenye leso. Hapo tukakumbuka kwamba mkewe tulimzika mwaka juzi.

– Hii kanda ndiyo sauti yake pekee niliyonayo, – alisema. – Alikuwa mpiga chapa pale redioni. Asubuhi, kabla mtangazaji hajaingia, tulikuwa tunamwita akae mbele ya maikrofoni aseme chochote, tupime sauti. Kanda za kupimia zilikuwa zinafutwa kila jioni. Hii nilinakili nikaondoka nayo, hata sijamposa bado.

– Mwizi wewe! – Shangazi alisema, akimmiminia kahawa. – Uliiba sauti ya mtoto wa watu kabla ya kupeleka barua kwao!

– Niliiba, – alisema Mzee, na akatabasamu kidogo. – Studio ilikuwa na baridi, Shangazi, tulikuwa tunavaa masweta mchana wa jua kali. Zulia mpaka ukutani. Mlango mzito, ukiufunga unasikia damu yako inavyotembea. Na yeye anaongea, unamsikia hapa. – Akagusa katikati ya paji la uso. – Hapa ndani kabisa. Miaka yote nikizivaa nyumbani, alikuwa anakaa hapa. Sasa nikizivaa hayupo. Amekuwa mwembamba, ana sauti ya bati, yuko nje huko, kama anaongea chumba cha pili. Si yeye.

Fundi aliona heshima yake inamwagika mbele ya wateja watarajiwa.

– Mzee, mimi hizi sikuzitengeneza tu, nimeziboresha. Sponji la godoro jipya, nimelishonea ngozi ya mkoba. Ndani nimejaza pamba ili besi itulie. Nimetoboa vitundu vinne kila upande zipate kupumua. Waya ule wa kujiviringisha ulikuwa umekatikakatika, nimetia waya mpya, mnyoofu, wa kisasa. Ukienda dukani hupati kitu kama hiki.

– Pamba! – Profesa akarukia. – Kosa limepatikana. Pamba inanyonya. Ukidondosha maji kwenye pamba yanakwenda wapi? Na sauti ni hivyohivyo, ina unyevu.

– Sauti ina unyevu? – nikamuuliza.

– Ongea mbele ya kioo uone kama hakitafanya ukungu.

Fundi akafungua skrubu palepale, akachomoa pamba yote. Mzee akavaa, akabonyeza kitufe. Tukamwangalia. Akatikisa kichwa.

– BADO YUKO CHUMBA CHA PILI! – alipiga kelele. Mtu akivaa hedifoni hajui anavyobweka.

– Basi ni sponji, – alisema Shangazi. – Lile la zamani lilikuwa limemzoea. Jipya hili bado linamshangaa. Hata kiatu kipya hakikupi mwendo wako siku ya kwanza.

Mimi nikaona nisipitwe. Nikasema masikio ya binadamu hayaachi kukua, nimeyashuhudia kwenye kiti changu, na sikio likiwa kubwa sauti ina safari ndefu zaidi mpaka ndani, ikifika imechoka. Niliposema nilijiona nimesema jambo zito. Shangazi alicheka mpaka akaweka birika chini.

Profesa hakukubali kushindwa na kinyozi.

– Tatizo si masikio, tatizo ni ule mnara mpya wa simu. Ndani ya hedifoni kuna sumaku, sivyo? Na mnara una sumaku. Sumaku kubwa inaivuta ndogo. Sauti ya marehemu inatoka kwenye kanda vizuri kabisa, ikifika hewani inapinda kuelekea mnarani. Ukitaka kumsikia mkeo vizuri, Mzee, geuka uupe mnara mgongo.

Na Mzee wa watu akageuka! Akakaa anatazama ukuta wangu wa chokaa, mgongo kwa mnara, waya unamvuka bega, anasikiliza. Tulitaka kucheka, tukashindwa. Alipozivua hakuangalia mtu.

– Niwaambie ninachoogopa, – alisema kwa sauti ndogo. – Siogopi hedifoni kuharibika. Ninaogopa huenda ni nzima, na mimi ndiye nimeanza kumsahau. Jana usiku nilijaribu kuikumbuka sauti yake bila kanda. Haikuja.

Jiko la Shangazi likawa linasikika lenyewe. Fundi alikuwa anaangalia vidole vyake vyenye alama za risasi ya kulehemu, na nadhani angefurahi kuwa mahali pengine popote.

Aliyetuokoa ni Profesa, kwa kutojua kunyamaza.

– Mzee, zivae tena, ila safari hii uelekee...

– Ngoja kwanza wewe na mnara wako, – Mzee alimkatiza, huku amekwisha kuzivaa na kanda inazunguka. Na ili amsikie Profesa na kumjibu vizuri, akafanya kitu ambacho mkono wake ulikuwa umekifanya miaka ishirini na saba bila kumuuliza: akausukuma upande wa kulia nyuma ya sikio, akabaki na wa kushoto peke yake. – Huo mnara umewekwa mwaka gani na mimi...

Akakatika hapohapo. Mdomo wazi.

– Ndiye, – alisema.

– Nani? – Fundi aliuliza.

– Ndiye! Huyu hapa! Mwenyewe!

Akaurudisha upande wa kulia sikioni. Uso ukasinyaa. Akausukuma nyuma tena, uso ukachanua. Akafanya hivyo mara nne, tano, kama mtoto anayechezea swichi ya taa. Kisha akamgeukia Fundi, na yule mzee mnyonge wa dakika tano zilizopita hakuwepo tena. Alikuwepo fundi mitambo.

– Kijana, ulipotia waya mpya, chanya na hasi ulizitambuaje?

Fundi alikohoa.

– Nyaya za zamani zote zilikuwa zimeshika rangi moja, Mzee. Uchafu mtupu.

– Kwa hiyo?

– Kwa hiyo... nilibahatisha.

– Ulibahatisha! – Mzee akapiga paja, na alikuwa anacheka huku macho yanalengalenga. – Upande mmoja umeupatia, wa pili umeugeuza. Huu ukisukuma, ule unavuta. Sikio moja halijui, lakini ukivaa yote mawili zinagombana, na kile kilichokuwa katikati kinakufa. Mtangazaji, mwimbaji, mke, wote wanakufa. Kosa hili tulikuwa tunamfundisha mwanafunzi siku ya kwanza! Na mimi mjinga nimekaa nyumbani nimeyafunika masikio yote mawili kama mtalii! Kazini, watu wakiwa wanaongea nami, sikuvaa hivyo hata siku moja. Sikio moja la kanda, sikio moja la watu.

Ndiyo maana sikio lile liko vile, nikajisemea. Miaka yote nanyoa kando yake, sikuwahi kuuliza.

Fundi aliingia ndani kuchemsha chuma chake cha kulehemu, na tangu nimfahamu sijamwona akifanya kazi haraka vile. Wakati anageuza waya, akaja mama mmoja tusiyemjua, pasi mkononi, waya wake umeungua. Shangazi alimpa nafasi kwenye benchi na kikombe cha kahawa. Akaelezwa yote, na Profesa ndiye aliyemweleza, kwa hiyo mnara haukukosekana.

Hedifoni zikatoka, bado zina harufu ya risasi. Mzee alizivaa zote mbili, akazikandamiza kwa viganja, akafumba macho. Kanda ikazunguka. Machozi yalishuka taratibu mpaka kidevuni na hakuyafuta. Nami nikajikuta nazungusha kikombe changu, nikimkumbuka mama yangu, ambaye sauti yake hakuna aliyeiiba.

– Yupo? – Fundi aliuliza kwa ishara.

– YUPO! HAPA KATIKATI! – Mzee alipiga kelele, na mtaa mzima ukageuka.

Baada ya hapo alitaka kila mtu amsikie mkewe. Shangazi alivaa, akasema kwa kelele kwamba ana sauti nzuri kama anakutania. Profesa alivaa, akakaa kimya, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nikavaa. Kulikuwa na mvumo mdogo wa kanda, kisha mwanamke kijana akasema ndani ya kichwa changu: “Moja, mbili, tatu. Leo ni Jumanne. Nimeambiwa niseme chochote, na mimi sina la kusema.” Akatulia kidogo. Halafu akacheka, kicheko kilichomtoka ghafla, cha mtu aliyejaribu kukizuia kikamshinda. “Basi, zima!” Kanda ikakatika.

Yule mama wa pasi alikuwa anaangalia pembeni kwa adabu. Mzee akampa naye.

– Sikiliza, mwanangu. Usione haya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwona anatabasamu pale kicheko kinapofika, karibu acheke naye. Akazivua, akamrudishia kwa mikono miwili.

– Mungu amrehemu, baba. Alikuwa anacheka nini?

Swali la kawaida kabisa. Wote tukamgeukia Mzee, tukitaka kucheka tena, maana kisa cha kicheko kama kile lazima kingekuwa kitamu.

– Hapo, – Mzee alianza, na akachangamka, – hapo sauti ilipanda ghafla. Sindano ya kipima sauti iliruka mpaka kwenye alama nyekundu. Ingekuwa mtu mwingine, kanda ingeharibika. Mimi niliishusha haraka, husikii mkwaruzo hata kidogo. Safi.

– Eeh, – alisema yule mama, – lakini alikuwa anacheka nini?

Mzee akafungua mdomo. Akaangalia kanda. Nilimwona anarudi kule studioni, anaingia kwa ule mlango mzito, anasimama nyuma ya kioo, anatafuta.

– Mimi nilikuwa naangalia sindano, – alisema Mzee.

Akaanza kuizungushia leso kanda yake, polepole, kona baada ya kona.

– Miaka thelathini na mbili tumekula meza moja, – alisema. – Siku yoyote ningemuuliza, angeniambia.