Bodil Thorsager na Ngazi za Ghorofa ya Tano

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita katika maabara yetu ya saikolojia hapa Aarhus, Bodil Thorsager anastaafu.

Alianza kazi wakati mapigo ya moyo yalipochorwa kwa kalamu kwenye karatasi ndefu. Tangu hapo amewabandikia maelfu ya watu vipimo kifuani, na kila mara hupasha vidole joto kwenye kikombe cha kahawa kwanza, kwa sababu mkono wa baridi humshtua mtu. Maprofesa wamebishana mbele yake miaka yote: je, tunaogopa ndipo moyo udunde, au moyo hudunda kwanza, kisha akili ikatafuta sababu? Yeye huwafukuza tu: “Bishaneni nje jamani, moyo wa huyu bwana unawasikia.”

Ijumaa moja ya Machi mwaka jana hatutaisahau. Tulikuwa kwenye kifungua kinywa cha kila Ijumaa, zamu ya Asger, mkuu wetu, kuleta mikate. Tulikuwa tukifurahia makala iliyokwisha kukubaliwa na jarida. Ilidai kwamba wenye moyo wa mbio kwa asili huogopa zaidi wanapotazama filamu ya kutisha. Shahada yangu ya uzamivu ilisimama juu ya makala hiyo.

Bodil alisimama. Mkate wake ulikuwa haujaguswa.

“Wiki ile lifti ilipoharibika, watu walipanda ngazi hadi ghorofa ya tano,” alisema. “Tulichelewa, nikawaacha waanze bila kupumzika dakika kumi. Sikuandika popote. Mbio zile za moyo si za asili. Ni ngazi.”

“Bodil, makala imeshakubaliwa,” Asger alisema.

“Basi waandikie waizuie.”

“Na Signe je? Amebakiza miezi minne atetee shahada yake.”

Bodil alinitazama. “Signe, nisamehe. Lakini usiitetee kazi hii mbele ya watahini.”

Hakuna aliyegusa siagi. Nilitoka nje bila koti. Kwa wiki mbili sikumsalimia, naye hakuacha kunisalimia.

Makala tuliiondoa, na shahada ikasogezwa karibu mwaka mzima. Kisha tukarudia jaribio, safari hii tukiwapandisha watu ngazi kwa makusudi. Nusu yao Bodil aliwaambia, “Moyo huo ni wa ngazi, usijali.” Hao waliiogopa filamu kidogo tu. Wengine, ambao hawakuambiwa kitu, mioyo yao ilidunda vilevile, nao wakailaumu filamu. Ni tokeo dogo, lakini nililitetea mbele ya watahini mwezi uliopita bila kushusha macho. Jina la Bodil limo kati ya waandishi wa makala mpya, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alitaka kulikataa. Asger alimwambia anyamaze, asaini.

Bodil, asante kwa kusema siku ile, ingawa uliweka rehani sifa ya miaka yako yote ya kazi. Nenda salama. Tunakuombea asubuhi ndefu, afya njema, na moyo uliotulia.

Signe Kjærulf, kwa niaba ya wenzako