Vichupa Arobaini vya Mama Mapezi

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaendelea, tafuteni penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Mtaelewa kwa nini.

Leo tunamkumbuka mtafiti wa samaki wa mtoni, tuliyezoea kumwita Mama Mapezi. Kwa miaka ishirini na sita alivua samaki, akawakata kipande cha pezi kidogo kama ukucha wa mtoto, akawarudisha majini wazima. Kipande kilitiwa kwenye kichupa cha spiriti. Humo alisoma vinasaba, yaani ule urithi unaomtofautisha samaki huyu na yule, hata wakifanana kama mapacha.

Mwaka wake wa kwanza kazini alijaza vichupa arobaini. Vingine vya samaki wa juu ya maporomoko, vingine vya samaki wa chini. Ndani ya kila kichupa aliweka karatasi yenye jina la mahali. Akaandika kwa kalamu ya wino.

Wasikilizaji, spiriti hula wino; penseli haiigusi.

Masika yale yale mabwawa ya kufugia yakapasuka. Samaki wa kufugwa wakamwagika mtoni, wakazaliana na wenyeji wa chini. Aliporudi kabatini akakuta karatasi arobaini nyeupe pe. Samaki wa asili wa chini walikuwa wamebaki humo tu, na hakuna aliyejua kichupa kipi ni cha wapi.

Mkuu wake alimwambia, "Binti, jaza tu. Nani atajua?"

"Mimi," akajibu. Akaandika mara arobaini, kwa penseli: Sijui.

Tangu hapo hakuamini tena wino. Hata orodha ya sokoni, penseli. Mumewe, fundi baiskeli, anasimulia siku ya ndoa yao: "Alipewa kalamu atie sahihi, akauliza, 'Hamna penseli?' Nikasema, mama wee, huyu anataka ndoa ya kufutika kwa kifutio!"

Mwaka jana, tayari mgonjwa, alipanda tena juu ya maporomoko, ambako samaki wa kufugwa hawafiki. Alitaka mapezi ya wa juu, yalinganishwe na vile vichupa arobaini. "Tulipumzika kila hatua kumi," anasema mumewe. "Nikamwambia turudi. Akaniuliza, 'Turudi na nini?'"

Vipande vikapelekwa maabara kubwa ya mjini kupimwa vinasaba; majibu yakachelewa. Hospitalini alimuuliza mdogo wake, aliyefanya naye kazi maabara: "Wamepiga simu?"

"Bado, dada."

Asubuhi, mchana, jioni: "Bado, dada."

Siku moja akamshika mkono. "Yakija, usinijazie kwa huruma. Vichupa vikikataa kusema, acha vikatae."

Alifariki Jumanne. Majibu yalifika Jumatano.

Mdogo wake alikaa mbele ya kabati na orodha mkononi. "Nilivunja ncha ya penseli mara mbili," ametuambia. Vichupa kumi na tisa ni vya juu. Kumi na vinane ni vya chini. Vitatu havikusema kitu. "Hivyo vitatu nilivishika muda mrefu. Nilitamani nimtimizie. Kisha nikavirudisha."

Vimesimama kabatini hadi sasa, vikiwa na mwandiko wa dada yake: Sijui.

Fundi wetu, na wewe mdogo wake, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote tunaokunywa maji ya mto ule.

Nasi tuliobaki, kila mmoja atafute jambo moja analolisema kwa sauti kubwa huku moyoni ana wasiwasi nalo. Penseli mnayo.