Pikapu Iliyochechemea Mbele ya Mzee Kioko

"Susu, gari haijaharibika, imelala tu." Hivyo ndivyo Kimanzi aliniambia, Ndila. Mjukuu wangu mwenyewe, mbele ya watu! Imelala! Kwani gari ni paka? Weka vyondo vyako chini, ukae, nikuambie vile leo asubuhi nimekasirika. Hii benchi unaijua, ni mbao ya kitanda ya zamani juu ya mawe, nje ya kibanda ya Kalekye ya chai. Nilikuwa nimekaa hapa na Maundu, ule tunaita Jeki, alikuwa turniboi ya lori na mpaka leo akiona gari imesimama lazima achungulie chini yake. Hapo kando Bartholomew, Katekista, anajua kila kitu na hakuna mtu amemuuliza. Na hapo mbele yetu pikapu ya marehemu mzee wangu, pua imeingia mchanga, na nyuma yake zimefungwa mbuzi tatu za ntheo, za kuposea Kimanzi msichana, zinalia. Kimanzi yuko chini ya gari, unaona viatu tu.

Nikamwambia hivyo viatu:

— Toka hapo! Umeharibu gari ya babu yako!

— Susu, ni stailo. Watu wa Athi River wote wanashusha gari.

— Watu wa Athi River wako na lami! Wewe uko Katangi, uko na mawe!

Kalekye akauliza, maana yeye alikuwa bado hajaelewa:

— Lakini Susu, alifanya nini haswa?

— Nilimpatia gari aende nayo huko kazini Athi River, kwa viwanda vya EPZ, aifanyie sevisi. Sevisi! Akatoa springi za mbele zote mbili. Springi mzima! Akaweka mifuko ya mpira, ndani ni upepo. Nyuma akashusha na vipande vya chuma. Sasa kuna swichi karibu na usukani. Ukibonyeza, mbele inainuka. Ukiachilia, ssss, inashuka mpaka inabusu barabara.

— Upepo tu ndio inashika injini?

— Upepo tu.

— Aiya! Hata mandazi yangu iko na kitu ndani.

Jeki akashusha kikombe. Ukiona Jeki ameshusha kikombe, jua uongo inakuja.

— Mimi naona shida iko wapi. Hiyo upepo ilijazwa Athi River. Upepo ya Athi River imezoea tambarare. Ukiileta huku kwa vilima inachoka.

— Upepo inachoka? Katekista akamuuliza.

— Wewe ukipanda kilima huchoki?

— Mimi niko na miguu!

— Sasa wewe umekataa upepo ya Athi River, leta yako tuone.

— Gari imepiga magoti, Jeki. Angalia vizuri. Hii gari ilibeba kwaya miaka mingi, ikabeba Askofu mara moja. Imezoea mambo ya kanisa. Ilipoona ni siku ya ndoa, ikapiga magoti.

— Goti moja? Kalekye akacheka. Mbona imeshuka upande ya kushoto pekee?

— Hata mimi siku hizi napiga moja. Goti ingine inauma.

Ndila, mimi sikucheka. Wewe unajua mambo ya ntheo, hata wewe ulipelekewa. Hizo mbuzi zikiingia kwa wazazi ya msichana, msichana amekuwa wetu, hata kama mambo mengine itangoja. Zisipoingia, hana mtu. Na hizi zetu zilifika Kithyoko Jumamosi, zikasimama kwa mlango ya mzee Kioko, baba ya msichana, zikarudi. Zikarudi! Nimezeeka hivi, sijawahi kuona mbuzi ya ntheo ikirudi nyumbani na gari ile ile imeipeleka.

Nikawaambia hawa watu wa benchi vile ilikuwa, maana Jeki na Kalekye hawakuwa huko. Tumefika kwa mlango, wamama wa kwao wameanza kuimba. Mzee Kioko ametoka na fimbo yake kutupokea. Huyo mzee alianguka ndani ya kisima akichimba, mguu ya kushoto ikavunjika, haikupona sawa. Akitembea anainama kushoto, anainuka, anainama kushoto, anainuka. Kila mtu anajua na hakuna mtu anasema. Sasa anakuja pole pole kwetu, na huyu Kimanzi anabonyeza swichi. Gari inainama kushoto. Inainuka. Inainama kushoto. Inainuka. Mzee hatua moja, gari moja. Mzee hatua ingine, gari ingine!

Kalekye akashika mdomo.

— Uuuwi.

— Wimbo ikakatika. Kuna kamama kamoja kakacheka huko nyuma. Mzee akasimama. Akaangalia gari, akaangalia mguu yake. Akasema tu, "Rudisheni mbuzi zenu." Akageuka. Na ile kugeuka, akichechemea mpaka ndani, watu wote tunamwangalia mgongo!

Sasa hapo ndio viatu viliongea, chini ya gari:

— Susu, mimi sikumcheka mzee. Nilitaka gari imwinamie.

— Nini?

— Iiname. Kama heshima. Wewe ulinifundisha kuinamisha kichwa nikisalimia wazee, na mimi nikasema siku hiyo hata gari itainama. Mfuko ya kushoto ndio ilikuwa imetoboka, nikawa nabonyeza ndio ikae sawa.

Heshima ya swichi! Nilizaa mama yake kwa shida, nikalea huyu na maziwa ya mbuzi, ndio aende kusalimia baba mkwe na pampu!

— Kichwa yako mwenyewe ilikuwa wapi? nikamuuliza. Si ungeshuka kwa gari, uinamishe hiyo?

Viatu vikajivuta ndani zaidi. Jeki naye akaingilia.

— Mimi nasema ni mbuzi. Mbuzi tatu zikipumua nyuma kwa nguvu, si zinavuta upepo ya mbele?

— Mbuzi zivute upepo kwa mpira? Katekista akasimama. Wewe hata shule ya jioni ilikukataa! Hii ni marehemu. Mzee wa Susu hapa alipenda kukaa mbele kushoto. Si alikuwa anaendeshwa? Ameketi hapo. Anakataa.

— Anakataa nini?

— Anakataa springi yake kuuzwa!

— Kimanzi, uliuza springi? Kalekye akauliza.

Viatu vikajificha nyuma ya tairi. Ndila, hapo niliokota mwiko ya Kalekye. Sitaki kukuambia mambo ya mwiko.

Wakawa wanapiga kelele hivyo, Jeki na mbuzi zake, Katekista na marehemu wangu, sufuria ya chai imeisha hata hawajui, mtu akasema "hamjambo" hapo nyuma. Kugeuka, ni Mwelu. Mwelu mwenyewe, msichana wa Kioko! Vumbi mpaka nyusi, begi kwa mkono. Kimanzi akatoka chini ya gari haraka, akagonga kichwa. Vizuri.

Mwelu akatusalimia wote, mimi akanishika mkono. Hakukaa. Akasema:

— Susu, baba hajaongea tangu Jumamosi. Anakaa kwa kiti, hataki kutembea watu wakiona. Sikuja kuuliza mambo ya gari. Nataka kujua kitu moja tu. Kati yenu ni nani alimwambia pole?

Tukaangaliana.

— Kimanzi, si wewe ulisema? Jeki akauliza.

— Mimi nilikuwa nabonyeza swichi.

— Katekista?

— Nilikuwa naomba. Kimoyomoyo.

Wakaniangalia mimi. Mimi nilikuwa nimeshika kamba ya mbuzi, Ndila. Nilikuwa nagombana na Kimanzi njia yote kurudi, na Jumapili nikagombana, na Jumatatu. Na jana. Hiyo neno haikutoka kwa mtu yeyote. Upepo tu ndio iliongea, ssss, gari ikashuka ile kidogo ilikuwa imebaki.

Mwelu amelala kwangu saa hii, amechoka. Na wewe nimekuita kwa sababu kesho unapeleka vyondo soko ya Kithyoko. Usiuze hata moja kabla hujapita kwa Kioko. Mwambie hivi, usiongeze yako: Susu yake Kimanzi anakuja Ijumaa. Nitateremka kwa lori hapo sokoni, kutoka hapo natembea na miguu yangu, na mbuzi zinatembea na zao, na Kimanzi anatembea nyuma ya mbuzi. Hakuna gari. Nitasema pole kabla sijaomba maji. Na umwambie asitoke kwa mlango kutupokea, akae kwa kiti yake. Ni sisi tutatembea, yeye atuangalie.