Makombe Niliyoyasugua kwa Jiki

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe hata na sisi ambao bado hatujaelewa ametufanyia nini. Mchungaji aliponiomba nije hapa mbele nilimwambia ushuhuda wangu haujaiva. Akasema niulete hivyo hivyo. Basi nivumilieni, ndugu zangu, maana nausimulia nikiwa nimechanganyikiwa, na nikiruka mahali nitarudi nyuma.

Wengi mnanijua kama Dada Kadzo wa kwaya, yule anayewakemea watu wakichelewa mazoezi. Msichojua ni kwamba kwetu Kilifi nilikuwa mwalimu wa sayansi ya bahari kwa miaka tisa. Nilifundisha bila kitabu. Maji yakipwa, nawatoa wanafunzi darasani, tunashuka ufukweni, nainua jiwe: haya, semeni mnaona nini. Somo limekwisha! Halafu nikaja London, na kwa miaka saba nikawaogesha wazee wa watu, nikawalisha, nikawakumbusha majina ya watoto wao. Ni kazi ya heshima, siidharau, na wengi humu ndiyo tunayoifanya. Lakini kila nilipopita mbele ya shule niligeuza uso, kwa uchungu.

Mwaka jana Mungu akafungua mlango. Shule moja huku kwetu Thamesmead ilinichukua kufundisha sayansi, na kwa sababu ya Kilifi wakanipa masomo ya bahari. Mwaka mmoja wa majaribio. Mwisho wa mwaka mkuu wa idara anaandika ripoti: ukifaulu wewe ni mwalimu, ukishindwa rudi kwa wazee wako. Nilishangilia, mnakumbuka nilivyocheza siku ile hapa kanisani.

Nikaingia darasani, ndugu zangu, nikagundua sina bahari! Kuna Mto Thames, naam, maji rangi ya chai ya maziwa, lakini kumpeleka mtoto pale ujaze fomu mpaka mkono ufe ganzi. Nikawa nachora ubaoni. Watoto wakapiga miayo. Mkuu wa idara akaniandikisha kwenye mtandao wa walimu wa bahari wa mji huu, watu wanaosaidiana masomo, picha na vifaa. Imeili zikaanza kumiminika. Huyu anagawa mpango wake wa somo bure, yule anauliza nani ana picha za papa. Nilishangaa. Mwalimu niliyefundisha naye kwetu, noti zake nzuri alizifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni! Nikajua huu ni mtego. Ukiuliza swali humu, nikajiambia, mkuu wa idara ataliona, na atajua kwamba hujui. Basi kila imeili nikawa naijibu kwa neno moja, asante, hata zile ambazo hazikuhitaji jibu. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi niliuficha kweli kweli.

Sasa sikilizeni. Mtandao ule una sanduku. Ni sanduku la mbao lenye makombe ya bahari, na linazunguka kwa walimu: unakaa nalo wiki mbili, unafundishia, unalipeleka kwenye mkutano, mwingine analichukua. Mimi mikutano nilikuwa naikwepa, basi aliyekuwa nalo kabla yangu aliniletea mwenyewe: Mista Denis, mwalimu mstaafu, Mwingereza mpole aliyepanda mabasi mawili huku amelipakata. Mkuu wa idara akatia sahihi kwamba mimi nitalitunza. Nikalifungua. Jamani! Makombe machafu, yana ukoko, yana vidoa vyeupe vigumu, yana nyuzi kavu za mwani, na harufu yake mniachie mwenyewe. Ndani kulikuwa na maelezo, kurasa nane zimebanwa pamoja. Sikuyasoma. Mimi mzaliwa wa Kilifi nisome maelezo ya makombe?

Masomo yalikwenda vizuri, watoto walipenda kuyashika. Siku ya kulirudisha ikakaribia. Ninyi mama zangu mlioketi hapo mbele mnajua tulivyolelewa. Chombo cha mtu hakirudi kwake kichafu, na hakirudi kitupu. Sahani ya jirani ikija na mandazi, inarudi imesuguliwa na juu yake kuna ndizi. Basi Jumamosi asubuhi nilijaza beseni maji ya moto, nikatia jiki, ile dawa ya kutoa madoa, nikachukua brashi na kisu kidogo. Nilisugua tangu saa nne mpaka saa nane huku naimba tenzi. Ukoko wote ukatoka. Nikayaanika kwenye taulo, nikayapaka mafuta ya nazi kidogo, yakang'aa, na pembeni mwa sanduku nikaweka mkebe wa visheti nilivyopika mwenyewe. Nilijiona mtu mwema sana siku ile.

Ndipo nikazichukua zile kurasa nane ili niandike jina langu mwishoni, kama walivyofanya wenzangu. Macho yakaangukia ukurasa wa pili. Pameandikwa kwamba kombe lenyewe si kitu, hata dukani lipo. Kinachofundishwa ni kilichoota juu yake. Ule ukoko ni nyumba za wanyama wadogo wa baharini, mmoja kajenga juu ya mwenzake, na kila kombe lilitolewa pwani fulani, mwaka fulani, ili watoto walinganishe nani alihamia wapi. Mwanzilishi wa mtandao aliyakusanya maisha yake yote ya kazi. Tafadhali yasisuguliwe, yasitiwe dawa yoyote.

Nikaketi sakafuni. Mwalimu wa bahari wa miaka tisa, ndugu zangu! Kwetu nilivionyesha vile vidudu vikiwa hai majini, vinapumua; vikishakauka, mimi nilijua ni uchafu wa kusugua. Nikamwona mkuu wa idara na kalamu yake. Nikayaona mabeseni ya kuogeshea wazee yananingoja.

Mtauliza, hukuomba? Niliomba, lakini kwa haraka, na kabla ya Amina vidole vilikuwa vimeshaanza kuandika. Niliwaandikia wote kwenye mtandao, pamoja na mkuu wa idara, kwamba nasikitika kuwaarifu, sanduku lilinifikia makombe yakiwa yamekwisha kusafishwa. Sikumtaja Mista Denis. Sikuhitaji kumtaja, kila mtu alijua limetoka kwa nani.

Jibu lake lilikuja Jumatatu mchana, niko chumba cha walimu nanywa chai. Nalikumbuka neno kwa neno: "Nawaomba radhi nyote. Sikumbuki kuyaosha, lakini siku hizi nasahau mengi kuliko ninavyowaambia watu. Lazima ni mimi. Naomba nisipewe sanduku tena."

Kikombe nilikiweka chini. Miaka saba nimewaogesha watu wa namna hiyo, wapendwa. Najua wanavyoanza. Mzee anaambiwa umeacha jiko linawaka, naye hakuliacha, lakini anakubali kwa sababu hajiamini tena, na akikubali hilo atakubali kila kitu. Mimi ndiye niliyemshika mtu mwenye akili zake nikamsukuma huko. Mimi, ninayejua kule kukoje!

Mkutano ulikuwa Jumatano. Siku mbili zile sikula, na msidhani nilikuwa nafunga. Nilikuwa nabishana na Mungu. Nilimwambia, Bwana, mlango umeufungua wewe, sasa unataka niufunge kwa mkono wangu? Nikisema kweli kazi imekwenda, nisiposema yule mzee amekwenda. Nilingoja ndoto. Nilingoja aya, nikaifungua Biblia nikaangukia orodha ya majina ya koo, fulani akamzaa fulani. Kimya! Mpaka leo sielewi kwa nini alininyamazia, na kama yupo humu anayeelewa, ibada ikiisha anifuate.

Jumatano nikapanda treni na sanduku langu mpaka Kilburn, mkutano ulikokuwa. Walimu kama kumi na tano, wameketi duara. Mkuu wa idara yangu yupo. Mista Denis yupo karibu na mlango, koti hajalivua. Mwanzilishi mwenyewe, mama wa Kihindi mwenye nywele nyeupe aliyetoka Queensbury, anaitwa Bi Shirini, akalifungua sanduku. Akachukua kombe moja, akalipapasa kwa kidole gumba, akalirudisha taratibu. Mista Denis akaanza kuinuka ili aombe radhi mara ya pili.

Nasema kweli mbele za Mungu, sikupanga kusimama. Nilipanga ninyamaze, nije nimwombe msamaha yule mzee baadaye, kwa siri, sisi wawili. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema kwa Kiingereza: "Keti, Mista Denis. Hujasahau kitu. Niliyaosha mimi, kisha nikadanganya."

Mkuu wa idara akaandika kitu kwenye daftari lake. Bi Shirini akanitazama, halafu, wapendwa, akaniuliza kwa Kiswahili safi cha Unguja:

"Na visheti hivi nani katia?"

"Ni mimi, Bi."

"Kwa nini?"

Nikamwambia nililelewa kwamba chombo cha watu hakirudi kitupu. Akafunika uso kwa mkono. Nilidhani analia, na labda alilia, sijui. Kumbe alizaliwa Unguja, akaja huku akiwa msichana, jamaa zake walipoondoka baada ya Mapinduzi. Alisema tangu mama yake afariki hakuna aliyemrudishia chombo namna ile. Lakini msidhani alinisamehe pale pale! Aliniambia, "Umeniumiza, mwanangu. Kazi yangu umeifuta kwa brashi. Nimekasirika, na bado nitakasirika." Kisha akasogeza kiti kwa mguu nikae karibu naye, akafungua mkebe, akaupitisha kwa watu wote. Sasa nieleweje hapo? Mtu amekasirika na anawagawia watu visheti vyangu. Na mama yule ni Mwislamu, tasbihi yake ilikuwa mezani. Mungu aliyeninyamazia siku mbili ndiye aliyemweka huyu mbele yangu. Nalisema kama lilivyotokea.

Nikangoja kufukuzwa. Badala yake walimu wakaanza kushauriana! Mmoja akasema makombe matupu nayo yana kazi yake: tuyaoshe mafuta kwa maji ya moto, tuyafunge kwenye wavu, tuyatumbukize majini, na watoto waandike ni mnyama gani amefika wa kwanza kujenga juu yake. Kila aliyefundisha karibu na pwani akachukua matatu, manne. Mimi nikapewa sita, na mwalimu mmoja akajitolea kuja kujaza nami zile fomu za kushuka mtoni. Nikauliza, swali langu la kwanza tangu niingie mtandao ule, kama kweli katika mto ule kuna kitu kitakachoota. Wakanijibu watatu kwa pamoja kwamba kipo, hakuna aliyenicheka. Mwaka mzima nimeogopa swali moja, ndugu zangu, na lilichukua dakika moja.

Mista Denis nilimfuata kwenye kituo cha basi. Nilitaka kupiga magoti, akanishika mkono. Akaniambia kwamba Jumatatu ile alimpigia daktari simu kuomba akapimwe kumbukumbu, na kwamba alimwambia binti yake aanze kumsimamia mambo yake. Kisha akaniuliza kama nina hakika kwamba hakuwa yeye. Nikamwambia nina hakika, ni mimi. Akatazama barabara, akaniuliza tena. Nikamjibu. Kabla basi halijafika akaniuliza mara ya tatu, na nilimjibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Hiyo kazi naijua. Alipopanda alinipungia mkono, na mimi nikabaki pale sijui kama nimemwokoa mtu au nimechelewa.

Sasa najua mnataka kuuliza, na kazi je? Ripoti yangu inatoka Alhamisi hii. Mkuu wa idara hajaniambia neno. Ananisalimu, namsalimu, basi. Nilimsihi Mchungaji tungoje Alhamisi ipite, niwaletee kitu kilichokamilika, maana watu huja hapa mbele na barua ya kazi mkononi, na viza mkononi, na mtoto mkononi. Mimi sina kitu mkononi. Ila tangu Jumatano ile nikilala nalala, na nikimtazama mzee wa watu simkwepi macho.

Basi namshukuru Mungu leo Jumapili, kabla sijajua. Na wewe uliyeketi hapo, unaujua uongo wako, na unamjua mtu anayeubeba kwa niaba yako. Nakusihi, mwamini Mungu hata akinyamaza. Usingoje ndoto. Simama tu, atakukuta umesimama. Mimi Alhamisi nikipewa ile kazi nitaimba mpaka mnichoke. Nikinyimwa, Ijumaa asubuhi nitapiga simu kuomba zamu kwa wazee wangu. Mniombee, ndugu zangu, ikiwa hivyo, nisijute. Amina.