Mama Pudensiana Alipovukia Upande wa Wanaume

Jumatatu ile, mwaka tisini na nne, kijiwe chetu karibu na stesheni ya Mpanda kilijaa mapema. Restituta, muuza kahawa wetu, alikuwa bado anapepea mkaa. Alikuwepo Hilari, tuliyemwita Katekista kwa sababu alikwenda kusomea ukatekista akarudi bila kumaliza. Alikuwepo Shadrack, yaani Redio, anayejua habari kabla hazijatokea. Na Mabula, Msukuma mwenye ng'ombe njia ya Ugalla, tuliyemwita Gavana kwa sababu ya kitambi. Habari ilikuwa moja: alichokifanya Mama Pudensiana kanisani jana yake.

Mimi niliona yote, maana kwaya tunakaa mbele tukiwatazama watu. Aliingia Evarist, mrina asali, aliyetoka jela wiki hiyo. Miaka ya nyuma alikuwa akirina pembeni ya shamba la Pudensiana, mwenge wa kufukuzia nyuki ukadondosha cheche kwenye nyasi kavu. Moto ukakifikia kibanda alimolala Zefania, mtoto pekee wa mama yule, akilinda mahindi. Evarist aliingia kumtoa, akatoka na mikono iliyoungua tu; mtoto alifia ndani. Alijipeleka polisi mwenyewe.

Basi Jumapili ile akaketi benchi la wanaume, karibu na mlango. Wanaume waliokuwa pale wakanyanyuka mmoja mmoja, wakahamia mbele. Akabaki peke yake, ameinamisha kichwa. Ndipo Mama Pudensiana akatoka upande wa wanawake, akavuka katikati ya kanisa, akaketi pembeni yake. Wakati wa kupeana amani akaushika ule mkono wenye makovu, hakuuachia. Evarist alilia mpaka mabega yakatikisika. Padre alisimama, akangoja.

— Halihesabiki lile, alianza Katekista. Msamaha una utaratibu. Kwanza kitubio, halafu malipizi. Mama hana mamlaka ya kuondolea dhambi.

— Kwani alimwondolea dhambi? aliuliza Restituta. Alimshika mkono.

— Dada Resti, wewe mimina kahawa. Haraka haraka haina baraka.

— Haraka gani, na mtu katoka jela?

Gavana alikohoa.

— Nyie hamjui. Kwetu damu inalipwa kwa ng'ombe. Ukoo unakaa na ukoo, wanyama wanatoka, ndipo mnakula pamoja. Bila hivyo, huyo mama amejidanganya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu nani hapo? aliuliza Restituta.

— Ng'ombe.

Redio alikuwa anangoja zamu yake. Akasogeza kikombe.

— Sikilizeni, nina uhakika. Yule mama ana mpango. Anamweka karibu amzoee, amkaribishe kwake, ampikie. Siku moja mtasikia Evarist kalala hajaamka. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Redio, hilo nalo umelitoa wapi?

— Kuna mtu kanidokeza.

— Mimi naona kapagawa, alisema Katekista. Huzuni ikizidi inageuza akili. Mzazi mwenye akili timamu hawezi. Mimi nilisoma mambo haya, nyie mnabahatisha.

— Ulisoma ukaishia njiani, alisema Gavana.

— Niliishia pale palipotosha.

Tukacheka. Hakuna aliyekuwa na shaka hata chembe. Kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi kama kikombe.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, kitambaa kichwani, kikapu miguuni. Alijitambulisha kwa Restituta kuwa anaitwa Athanasie, wa Katumba, kule walikowekwa Warundi waliokimbia mwaka sabini na mbili. Alikuwa anangoja gari la kumrudisha. Alikunywa polepole, akisikiliza.

— Samahani, wanangu, alisema. Huyo mama aliyefiwa nimemwelewa. Na huyo kijana nimemwelewa. Hao wanaume waliohama benchi, yeye aliwakosea nini?

Gavana akaangalia reli. Jana yake alikuwa kwenye benchi lile, na Redio pia. Katekista ndiye aliyenyanyuka wa kwanza. Niliona toka kwenye kwaya jinsi wengine walivyomfuata.

— Mama, alisema Katekista hatimaye, ni kwamba... mtu kama yule...

— Ndiyo, mwanangu. Nakusikiliza.

Yule mama hakumkazia macho wala hakumdhihaki. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, akangoja kuelekezwa.

— Mimi nilikimbia watu walioniulia ndugu, alisema baadaye, taratibu. Kila asubuhi naomba nipate moyo wa huyo mama. Bado sijaupata. Ndiyo maana nimeuliza. Nilidhani nyie mna sababu kubwa kuliko yangu.

Gari likapiga honi. Akamshukuru Restituta, akainua kikapu, akaenda zake.

Restituta aliinamisha birika kwenye kikombe cha Gavana, likatoa masimbi ya kahawa matupu. Hakuna aliyelalamika.

Katekista akasimama, akajikung'uta suruali.

— Unakwenda wapi? Redio alimuuliza.

— Evarist amefikia kwa nani?

— Kwa dada yake, kule Ilembo. Utamwambia nini?

Hilari alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifikiri kabla ya kujibu.

— Sijui. Nitaanza na hodi.

Akashika njia. Gavana alimtazama akienda, halafu akajiinua na kitambi chake, akamwita:

— Ningoje, bwana. Usiende peke yako.