Karani wa Mizani Aliyevaa Sweta Ngomeni

Wafanyakazi wote mnaarifiwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1988 dirisha la ofisi ya mizani litafunguliwa. Naam, lile lililopigiliwa misumari tangu 1983. Hakuna aliyethubutu kuling'oa bila ruhusa ya mwenyewe.

Mwenyewe ni Bi. Jedida Mueni, karani wa mizani, anayestaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, baada ya miaka kumi na tisa katika kiwanda chetu cha chumvi hapa Ngomeni. Alifika kutoka Machakos na sanduku moja la bati, na Kiswahili ambacho mimi, Gona Mwambire, msimamizi wake, nilijitolea kukinyoosha. Mwaka haukwisha, yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia ripoti. Madereva wa malori hawakumpunja hata kilo. Dereva Kamande alijaribu mara moja, akajificha ndani ya lori lake tupu likipimwa ili lionekane zito; Mueni akamtoa humo kwa kutaja kilo zilizozidi. Mpaka leo twamwita Kilo Themanini.

Kisha ukaja mwaka 1983. Kwanza ilikuwa sweta, tena mwezi wa Machi, jua likikausha mabwawa yetu. Kisha akalipigilia dirisha misumari, eti baridi. Uso ukavimba, sauti ikawa nzito na ya kukwaruza, nyusi zikapukutika. Alisinzia juu ya daftari saa nne asubuhi. Mtu aliyejua kwa moyo uzito wa kila lori sasa aliuliza leo ni siku gani.

Tuliogopa. Wapakizi waliacha kunywa chai aliyoimimina. Wengine walinong'ona kwamba ametupiwa jini, wengine kwamba pombe ya mnazi imemshinda. Yeye alimwambia Sista Kahonzi wa zahanati yetu kwamba anajihisi kama mtu anayezikwa polepole, huku anatazama. Sista alimpapasa shingo, asione uvimbe. Basi ikawa si tezi. Sote tulijua ugonjwa wa tezi ya shingo ni rovu, uvimbe wa wanaokosa chumvi, na nani augue rovu, miaka kumi na minne pwani, akiwa amekalia mlima wa chumvi?

Daktari wa Malindi ndiye aliyetutoa ujinga. Tezi ile, alisema, ndiyo inayoupa mwili mwendo. Ikizembea, vyote huzembea, hata moyo, na si lazima shingo ivimbe. Wengine hukosa aidini, madini ambayo chumvi yetu ghafi haina ya kutosha mpaka itiwe. Wengine tezi imekatwa kwa upasuaji, au imefifishwa na dawa za maradhi mengine. Wapo watoto wanaozaliwa nayo dhaifu, na wasipotibiwa mapema akili hudumaa. Mara chache tezi yenyewe ni nzima, ila ile ya kichwani inayoiamrisha imenyamaza. Ya Mueni ilikuwa aina nyingine kabisa: mwili wake mwenyewe uliigeukia tezi na kuila kidogo kidogo. Hairudi. Atameza kidonge kila siku, maisha yake yote.

Amemeza. Miezi mitatu baadaye alirudi kazini na kugundua makosa kumi na saba niliyoyafanya nikimshikia nafasi.

Kila Krismasi husimuliwa jinsi Gona alivyomkimbiza hospitalini kwa pikapu, nami huinamisha kichwa na kupokea sifa. Haikuwa hivyo. Siku ile nilikuwa nikimpeleka ofisi kuu, Malindi, afutwe kazi. Barua niliiandika mimi: analewa kazini. Mwanamke asiyewahi kuonja mnazi.

Njiani aliacha kunijibu. Nikadhani amenuna. Nilipomgusa, mkono ulikuwa wa baridi. Kifua kilipanda mara moja, nikangoja, nikangoja tena kabla hakijapanda. Akafumbua macho.

"Bwana Gona," akasema, neno moja baada ya jingine, "mimi sijalewa. Ninakufa."

Nilimfunika koti langu nikaipita ofisi kuu bila kupunguza mwendo. Si kwamba nilijua lolote. Niliogopa tu asije akafia garini mwangu.

Barua ilikuwa mfukoni mwa koti. Aliisoma wodini, akanirudishia imekunjwa vizuri, na kwa miaka mitano hajamtajia mtu. Leo naitaja mimi.

Dada Mueni, nisamehe, na asante. Wenzako wote tunakuombea uzee wa raha na pumzi ndefu huko Machakos.