Meno Niliyoyang'oa kwa Mkono Wangu

Mmeniita mbele, akina mama wa kanisa, basi nisikilizeni mpaka mwisho. Nitasema yote, ila jina la mtu sitaji.

Wengi wenu, mapengo yenu ya chini ni kazi yangu. Tangu ujana nang'oa kwa kisu yale meno mawili ya mbele, kama desturi yetu ilivyo, ili taya likikaza kwa ugonjwa mtu aweze kunyweshwa maziwa. Mkono wangu ni mwepesi. Nilijivuna nao.

Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa miaka sita, akaanza kulegea meno ya nyuma. Shavu likavimba. Nikasema jino limeoza, nikang'oa. Likalegea jingine, nikang'oa. Shavu likazidi, likaanza kusukuma jicho. Ndugu zangu, nawaambia, mtoto alimlilia bibi yake, "Koko, inatosha," nami nikamwambia nyamaza.

Ndipo akaja yule daktari Mzungu na picha za watoto wenye mashavu kama hayo. Nyumba kwa nyumba anauliza: mnaishi huku mlimani au kule chini Nduruma? Mnakunywa maji gani? Halafu anaomba damu. Nani hapa hakusema ni mumiani? Msiangalie chini, wote mlisema. Nikamficha mtoto nyuma ya magunia ya mahindi, nikasimama mlangoni.

"Hapa hakuna mgonjwa."

Mtoto akakohoa. Daktari alisikia. Alinitazama, akaenda zake.

Kesho yake akaja jirani yangu. Huyu alikuwa amezika mtoto mwaka uliotangulia, na meno ya mtoto yule niliyang'oa mimi. Hakuketi.

"Wangu alianza hivihivi. Unasubiri nini?"

"Wataka nimpe Mzungu damu yake?"

"Nataka umtoe mikononi mwako, mama."

Sijawahi kupigwa kofi kama neno lile. Nikambeba mtoto mgongoni mpaka zahanati. Daktari aliposhika sindano nikamwambia, "Toa yako kwanza, nione."

"Bibi, adabu!" akasema dresa, msaidizi wake pale zahanati.

Daktari akakunja mkono wa shati, dresa akamchoma. Nikangoja aanguke. Hakuanguka. Akauliza nani aling'oa meno. Nikasema mimi. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Akasema huo si ugonjwa wa meno, ni kansa, ya ukoo mmoja na ile ya damu, na hata yeye bado anaichunguza.

"Dawa ni mpya. Wengine wamepona, wengine wamekufa. Siwezi kukuahidi."

Kwa neno hilo la mwisho nikamwamini.

Siku tatu baada ya sindano ya dawa mtoto alitapika tu, nami nimekaa sakafuni nasikiliza pumzi zake. Ya nne nikagusa shavu: limelainika. Ya saba jicho likarudi mahali pake. "Koko, nataka ndizi." Nikatoka nje nikalia, mimi ambaye hamjaniona nikilia.

Namshukuru Mungu, na daktari, na dresa pia na ukali wake. Na wewe jirani, uliyekuja mlangoni kwangu ilhali ulikuwa na haki ya kunichukia: mtoto wako aliondoka na maumivu ya kisu changu. Nisamehe mbele ya hawa.

Kisu hicho sasa namenyea ndizi. Shavu la mtoto likivimba, msiniletee ning'oe. Mkiniletea, nitamfunga mgongoni nimpeleke kwa daktari, na wewe mama yake utanifuata nyuma.